Vyombo Visivyozikwa

Mgeni mmoja wa Norwei, mtu wa makamo aliyekuja Mombasa kupumzika wakati wa kaskazi kama wajavyo wengi wa nchi za baridi, baada ya kuzungushwa Ngomeni tangu mlango mkubwa hata buruji itazamayo bahari, alimwuliza kijana aliyekuwa akimwongoza suali ambalo mimi, niliyekuwa nimekaa kivulini karibu nao, sikuweza kulisahau: "Na merikebu zenu mmezihifadhi wapi?" Kijana akampeleka mbele ya kipande cha ukuta kilichochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, ambapo askari wa Kireno wa karne ya 17, pengine kwa kuchoka kungoja merikebu ya kuwarudisha kwao, walichora merikebu, makanisa na watu. Mgeni aliutazama ukuta ule kwa adabu, akapiga picha moja, kisha akasema, "Hizi ni za Wareno. Nauliza zenu."

Halikuwa suali la ujeuri. Mtu aliyelelewa Norwei amezoea kuiona merikebu ya wahenga wake nzima nzima, tangu omo hata tezi. Mwaka 1880, karibu na mji wa Sandefjord, ilifukuliwa merikebu ya Gokstad katika kaburi la mtu mkubwa. Na mwaka 1904, karibu na Tønsberg, ikafukuliwa ile ya Oseberg, iliyoundwa kwa mbao za mwaloni takriban mwaka 820, yenye urefu wa mita 21 na zaidi, ambayo mwaka 834 ilikokotwa nchi kavu, ikalazwa ndani yake maiti za wanawake wawili pamoja na gari la kukokotwa, vitanda, farasi na vyombo vya jikoni, kisha ikafukiwa kwa udongo mzito ulioihifadhi isioze kwa zaidi ya miaka 1000. Vizazi vya watoto wa Oslo vimepelekwa kuzitazama, na mwaka 1893 Wanorwei waliunda mfano wa ile ya Gokstad wakauvusha bahari ya Atlantiki hata Marekani, ili walimwengu wasiitilie shaka kazi ya mababu zao. Ama kofia za chuma zenye pembe zinazouzwa madukani kwa watalii, hizo Waviking wenyewe hawakuzivaa. Ni mapambo ya wachezaji wa michezo ya jukwaani wa karne ya 19, lakini biashara haina haja ya ushahidi, nasi wa Mombasa tunaowauzia wageni vinyago visivyochongwa na kabila lolote la pwani hatuna ulimi wa kuwacheka.

Nilipolifikiri suali lile nikiwa njiani kurudi Ndia Kuu, nilikumbuka kwamba bahari mbili hizi, ya kwao na ya kwetu, zilipata kuandikwa kwa lugha moja na kwa muda uliokaribiana sana. Al-Mas'udi, mzaliwa wa Baghdad, alisafiri katika bahari ya Zanji, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanazuoni wengi hukiweka Pemba, ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, ndio 916. Haikupita miaka 6 Ahmad bin Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir, naye akitokea Baghdad iyo hiyo, akafika ukingoni mwa mto Volga, akawakuta Warusi wa kale, ambao ni jamaa za Waviking, akashuhudia mazishi ya mkubwa wao: chombo kikapandishwa nchi kavu, maiti akalazwa ndani kwa mavazi ya fahari, kisha kikatiwa moto hata kikawa majivu. Dirhamu za dola ile ya Kiislamu zimefukuliwa kwa makumi ya maelfu katika ardhi ya Skandinavia. Kwa hiyo zama ambapo nahodha wa Siraf au wa Oman alikuwa akiipima pepo ya kaskazi ili ateremke uswahilini, fedha ya soko lake ilikuwa imekwisha kufika penye theluji, na mwenye kuipokea huko alikuwa ni baharia kama yeye.

Vyombo vyao na vyetu vilifanana katika jambo moja na kuhitilafiana katika jambo kubwa. Vilifanana kwa tanga, maana mtepe, chombo cha asili cha pwani hii, haukutweka tanga la pembetatu kama jahazi tuzionazo leo, bali ulitweka tanga la mraba, kama la Waviking, ila lao lilifumwa kwa sufu na letu lilisukwa kwa miyaa, likawa kwa hakika mkeka mkubwa uliotundikwa mlingotini. Vilihitilafiana kwa namna ya kuunganisha mbao. Mviking alizipandanisha mbao zake, ukingo wa huu juu ya ukingo wa ule, akazishindilia kwa misumari ya chuma. Fundi wa mtepe alizikutanisha ubavu kwa ubavu, akazitoboa kwa keke, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi kutoka tundu hata tundu, akaikaza kwa nguvu za watu wawili, kisha akayaziba matundu kwa vijiti vya mti, pasiwe na msumari hata mmoja. Mtungaji wa kitabu cha Kiyunani cha uongozi wa bahari, kilichoandikwa katika karne ya kwanza ya Miladi, alivitaja vyombo vya kushonwa vya pwani hii, akasema kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kwavyo.

Zipo hadithi za jabali la sumaku lililo chini ya bahari, linalozing'oa misumari ya chombo kipitacho juu yake, na wako waliosadiki kwamba ndiyo sababu ya wahenga kushona. Mimi nadhani sababu iko karibu zaidi. Chuma kilikuwa ghali, minazi ilikuwa mlangoni, na chombo kilichoshonwa, kinapogusa mwamba au kinapopwelewa juu ya mchanga, hunyumbuka badala ya kupasuka. Walakini kilivuja, na kilivuja sana; hapakuwa na saa ambayo hapana mtu ngamani akiteka maji, na kamba zilipooza sharti chombo kifumuliwe kishonwe upya. Mafundi wake mashuhuri walikuwa Wabajuni wa upande wa Faza na visiwa vya kaskazini. Omo ya mtepe iliinuka mfano wa shingo ya ngamia, ikachorwa macho mawili, na wazee walisimulia kwamba ni sura ya ngamia wa Mtume. Kazi ya mtepe katika siku zake za mwisho ilikuwa kuchukua boriti za mikoko, nao ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Mwaka 2003 mafundi walishona mwingine Unguja, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba 2020.

Basi kwa nini pasisalie hata mmoja wa kale? Jibu nililolipata ni jepesi, na nastaajabu kwamba halikunijia pale pale Ngomeni nikampa mgeni. Merikebu za Norwei zimesalia kwa kuwa zilizikwa, na zilizikwa kwa kuwa watu wake, kabla ya kuingia dini ya Kikristo, waliamini kwamba maiti anahitaji chombo na farasi na kitanda huko aendako. Mswahili wa Mvita, yaani Mombasa, ambaye msafiri Ibn Battuta alipolala kisiwani usiku mmoja mwaka 1331 alimkuta tayari ni Mwislamu mwenye msikiti wa mbao uliojengwa kwa ustadi, huzikwa kwa sanda, akaelekezwa kibla, wala hafuatwi na kitu. Tajiri mwenye vyombo kumi huingia kaburini kwa shuka zile zile azivaazo hamali wake. Chombo chake hurithiwa, kikasafiri hata kichoke. Kikichoka mbao zake nzuri hufanywa mlango au kiti cha barazani, na zisizofaa hupikiwa wali. Lililobaki ni michoro tu, iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu katika chokaa ya kuta za Gede na Kilwa, na mkono ulioikwaruza haukuandika jina.

Merikebu moja ya kale imezikwa Mombasa, nayo si yetu. Santo Antonio de Tanna, iliyokuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa Ngomeni na jeshi la Oman tangu Machi 1696, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome yenyewe. Na ngome ikaanguka mikononi mwa Waarabu mwezi wa Desemba 1698. Wapiga mbizi wa ilimu ya mambo ya kale waliifanyia kazi kuanzia mwaka 1977 hata 1980, wakatoa mitungi, vyombo vya kaure na vitu vya mabaharia ambavyo vimo katika makumbusho hivi leo, na mbao zake wakaziacha pale pale chini zifunikwe na mchanga. Mvuvi atiaye dema upande ule aghalabu hupita juu yake.

Tena iko ikhtilafu nyingine, nayo ni nzito. Mnorwei akitajiwa Waviking huona ushujaa. Lakini ushujaa ule, kwa watawa wa Lindisfarne waliovamiwa mwaka 793, ulikuwa moto na wizi. Mombasa imeujua upande wa watawa. Mwezi wa Agosti 1505 Mreno Francisco de Almeida aliingia na merikebu zake, akautia mji moto, akauteka nyara, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja kufanya vivyo hivyo. Wala sisemi haya ili tujifanye tulioonewa siku zote. Biashara ya watumwa waliyoifanya Waviking tuliifanya na sisi, kwa majahazi haya haya tuyasifuyo. Na ng'ambo ya kisiwa, katika makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, iko kengele ambayo husimuliwa kwamba iligongwa kila yalipoonekana matanga ya wawindaji wa watu. Mahali pale hata leo matatu huitia abiria "Kengeleni", na aghalabu wapandao hawamfikirii aliyekuwa akiigonga.

Utajiri wa Bandari ya Kale ulikuwa wa vitu vya kawaida zaidi. Yalikuja mabumu ya Kuwait, masambuki na mabagala, kwa kaskazi, na tende, chumvi, mazulia na papa mkavu. Yakarudi kwa kusi na nafaka na boriti. Mwaka 1939 baharia mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika Mombasa ndani ya bumu la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na bumu hilo likaendelea hata Rufiji kupakia boriti. Boriti moja ya mkoko haipiti sana mita 3, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale za Mombasa ni vyembamba na virefu, na vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain vilikuwa vivyo hivyo: upana wa chumba ulipimwa na mti wa matopeni. Hata papa ng'onda ana ndugu yake Norwei, maana watu wa Lofoten tangu zama za kale hutundika samaki wao juu ya vichanja, upepo wa baridi ukawakausha bila chumvi, wakauzwa nchi za mbali. Nilimweleza mgeni habari hiyo baadaye, akacheka, akasema kwamba harufu ndiyo iliyomkumbusha kwao alipopita sokoni.

Kisha reli ikaanzwa mwaka 1896, gati za maji makuu zikafunguliwa Kilindini katika miaka ya 1920, na Kuwait ikaanza kupakia mafuta melini mwaka 1946, ikawa kijana wa huko hana haja tena ya kuteseka baharini miezi tisa kwa ajili ya boriti. Bandari ya Kale haikufa, ila ilinyamaza.

Kilichosalia kwetu kimo vinywani. Nanga, bandari na nahodha ni maneno ya Waajemi. Dira na usukani, ya Waarabu. Bendera, ya Wareno. Mtumbwi na kafi ni yetu wenyewe tangu kabla hajaja mtu. Wazee wa bahari walihesabu mwaka wa jua kutoka Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na mwenye kuujua mwongo alijua pepo itakayovuma.

Mgeni yule, nilipokutana naye tena, nilimchukua nikateremka naye pwani. Zilikuwa siku za bamvua, na mashua moja ilikuwa imelazwa ubavu, fundi mzee amechutama chini yake, akisokota pamba iliyochovywa mafuta mfano wa utambi, akiishindilia katika mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo, gonga, sogea, gonga. Kando yake ndoo ya deheni ikingoja zamu yake. Nikaamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika bila ya kuinua kichwa. Mgeni akataka nimwulize chombo kina umri gani.

"Mkuku ni wa babangu," akasema. "Mataruma nimeyatia mimi, mengi yake mwaka wa El Niño. Mbao hizi tatu ni za juzi."

Mgeni akafikiri, kisha akauliza kama kwa hesabu hiyo chombo ni cha zamani ama ni kipya. Mzee akatazama maji, yaliyokuwa yamekwisha kuanza kujaa na kulamba tezi, akachukua pamba nyingine.

"Mwambie Jumatatu chenda Lamu, inshallah. Nanyi sogeeni, mwanizibia mwanga."