Misimu ya Omani na Tarehe za Safari za Wazee Wetu

Tukiwauliza wazee wetu ni lini babu zao walifika Unguja, aghalabu hatupewi mwaka. Tunaambiwa, "Walikuja na kaskazi," au "Walirudi kusi ilipoanza." Wajukuu waliozaliwa Maskati, Dubai au London huyasikia maneno haya wakaona ni namna ya kusimulia tu, hayana tarehe ndani yake. Sisi twaona tarehe imo. Lakini ili kuisoma, yatupasa kwanza kuijua hali ya hewa ya Omani, ambayo si moja kama wageni wengi wanavyodhani.

Mtalii huja Omani kufuata jua, na jua hulipata. Maskati hupata kiasi cha milimita 100 tu za mvua kwa mwaka mzima, na mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 40 huku unyevu wa bahari ukizidi kulifanya zito. Huko Qurayat, tarehe 26 Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku wala mchana. Hata hivyo, mtu akitoka Maskati kwa gari, baada ya saa mbili tatu huwa amefika Saiq, juu ya Jabal Akhdhar, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi. Huko hustawi komamanga na mawaridi, na usiku wa Januari maji huweza kuganda. Kilele cha Jabal Shams, chenye mita 3,000, hupata theluji baadhi ya miaka. Bara, upande wa Nizwa na Ibra, hewa ni kavu, na maisha yote hutegemea falaj na mtende.

Kusini, Dhofar ina mambo yake. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wakati kaskazi ya nchi inaungua, milima iliyo nyuma ya Salalah hugeuka kijani. Msimu huo huitwa kharifu. Upepo wa kusini-magharibi huyasukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu hupoa ikipita juu ya maji hayo, ikawa ukungu na manyunyu, kisha ikazuiwa na milima. Miti huyanasa matone ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Ukivuka milima kuelekea jangwani, ukungu hukoma, na katika ukavu huo ndipo unapoota mti wa ubani.

Upepo huo ndio kusi yetu. Huvuma kutoka kusini mwa Ikweta, ukapita pwani ya Waswahili na kuwaletea watu wa Unguja na Pemba baridi ya kipupwe, kisha ukapinda kuelekea Bara Arabu kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Mabaharia wa Kiarabu waliuita kaws, jina lisilo mbali na kusi. Miezi ya kiangazi cha kusini mambo hugeuka: upepo hushuka kutoka kaskazini-mashariki, nao ndio kaskazi. Hata neno letu "msimu" ni mausim la Kiarabu, wakati maalumu wa safari.

Majahazi ya Sur na Maskati yalifuata utaratibu huo. Yaliondoka na kaskazi, yakafika Unguja baina ya Disemba na Februari. Yalirudi kusi ikiwa changa, mwezi wa Aprili na mwanzoni mwa Mei, au yalingoja ilegee, Agosti na Septemba. Juni na Julai bahari ya Bara Arabu ilikuwa kama imefungwa kwa ukali wa mawimbi. Kwa hiyo "walikuja na kaskazi" maana yake ni miezi mitatu inayojulikana, na "walirudi na kusi" maana yake ni vipindi viwili tu vya mwaka.

Hesabu hii ilikuwa elimu. Ahmad bin Majid wa Julfar, baharia wa karne ya 15, alizihesabu siku za safari kuanzia Nairuzi. Waswahili nao walikuwa na mwaka wao wa jua unaoanza Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na Makunduchi bado husherehekea mwaka huo kila Julai. Hijria haikufaa kwa bahari wala kwa shamba, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi.

Wazee waliihofia pia miezi ya katikati, wakati pepo zinapobadilishana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, lakini Pemba ikasalimika. Upande wa Omani, Gonu ilipiga Juni 2007, Mekunu ikaifikia Salalah Mei 2018, na Shaheen ikapiga Batina Oktoba 2021. Zote hizi zilikuja karibu na mwanzo au mwisho wa kusi.

Ukame nao una sehemu yake katika historia ya familia zetu. Mvua za milimani zikikosekana miaka mfululizo, maji ya falaj hupungua, mitende hukauka, na deni hukua. Mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu chake Buying Time cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi ukame na madeni vilivyowasukuma watu wa bara ya Omani kuelekea Afrika Mashariki katika karne ya 19. Tunapowataja wahamaji hao, tusiwataje kama watafutaji wa biashara peke yao. Wengine walifukuzwa na mito mikavu.

Mwaka ule ule wa 1872 meli za moshi za British India zilianza safari za kawaida za barua hadi Unguja, nazo hazikungoja upepo. Majahazi yaliendelea kwa miongo mingi baadaye, lakini kidogo kidogo watu wakaanza kusafiri bila kuuliza kusi wala kaskazi. Wengi waliokuja Omani baada ya 1970 walifika kwa ndege. Hapo joto la Maskati liliwashangaza wengi, na Salalah ikawashangaza kwa namna nyingine, maana waliikuta na minazi, migomba na mipapai.

Basi tunashauri jambo moja kwa wanaorekodi kumbukumbu za wazee. Msiulize mwaka peke yake. Ulizeni pepo zilikuwa zipi, na mwezi gani wa Kiislamu. Tuseme bibi anakumbuka kuambiwa kuwa baba yake alishuka Unguja mwezi wa Ramadhani, katika kaskazi. Ramadhani iliangukia miezi hiyo baina ya 1928 na 1935 hivi, kisha ikarudi huko katika miaka ya 1960. Mwaka 1945 Ramadhani ilikuwa Agosti, katika kusi, kwa hiyo mwaka huo unaondoka katika hesabu. Maneno mawili ya bibi yamefanya kazi ambayo hati iliyopotea haiwezi tena kuifanya.

Wazee wanaoyajua maneno maleleji, demani na kipupwe bila kuuliza wanapungua kila mwaka. Wakati bado tunao, tuwaandikie majibu yao kama walivyoyasema, na upepo tusiutoe ndani ya sentensi.