Ua, Kambi na Kijiji: Makazi ya Wenye Maradhi ya Akili Mwambaoni Rumonge

Kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mtu mzima mwenye maradhi ya akili, au aliyezaliwa na usonji au hali nyingine ya aina hiyo, kwa kawaida amepata hifadhi uani kwa jamaa zake, au katika kambi na hospitali. Nyumba ya umma inayotolewa kwa kuzingatia hali yake yeye ni jambo geni katika historia ya Rumonge na Nyanza-Lac, ingawa watawala wa mwambao huu wamehamisha watu na kugawa makazi mara nyingi.

Ua ndio wa kale zaidi. Boma la Kirundi, rugo, lilizungushiwa uzio wa miti, na ndani yake mlikuwa na nyumba za jamaa moja. Asiyeweza kuoa na kuanzisha boma lake alibaki kwa wazazi, kisha kwa kaka yake. Katika mitaa ya Waislamu iliyokua kando ya ziwa tangu biashara ya Ujiji ya karne ya 19, chumba cha uani kilimfaa mjomba asiyestahimili kelele za wageni. Tiba nayo ilifanyika nyumbani: mwalimu wa chuo aliandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa maji hayo, yaitwayo kombe, mbele ya watu wake. Kazi pia haikukosekana. Kuanika ndagaa mchangani asubuhi, kuwageuza jua likipanda na kuwakusanya kabla ya mvua ni kazi yenye utaratibu ule ule kila siku, na haimdai mtu maneno mengi. Hata hivyo ua huo usisifiwe kupita kiasi. Aliyekuwa akipiga watu aliweza kufungwa kamba, na hifadhi yenyewe ilidumu kadiri jamaa walivyokuwa hai na wenye ardhi.

Ugonjwa wa malale ulileta makazi ya namna nyingine. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, na wengine hubadilika tabia hadi watu wakadhani wameingiwa na wazimu. Baada ya daktari Mjerumani Robert Koch kuuchunguza ugonjwa huo katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, madaktari wa Kijerumani walifungua kambi kando ya Ziwa Tanganyika, zikiwemo za Usumbura (sasa Bujumbura) na Rumonge. Dawa yao, atoksili, ilikuwa na arseniki na iliwapofusha baadhi ya waliodungwa. Wengi walizikwepa kambi hizo, na walikuwa na kila sababu. Vichaka vilifyekwa, watu wakahamishwa, na hata Wabelgiji walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 hofu ya malale iliendelea kuamua nani akae wapi katika tambarare ya Imbo. Aliyehamishwa alitazamwa kama mbebaji wa vimelea. Kama angeweza kuishi huko alikopelekwa halikuwa swali kubwa.

Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda OCAF, ofisi ya kujenga makazi ya Waafrika katika Kongo na Ruanda-Urundi. Kazi yake Usumbura ndiyo asili ya mtaa wa Ngagara. Nyumba zililipiwa kidogo kidogo, jambo lililowezekana kwa mwenye kipato cha uhakika tu, si kwa mgonjwa aliyetegemea jamaa.

Pigo kubwa kwa ua wa jamaa lilikuja tarehe 29 Aprili 1972. Uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wengi wakauawa, kisha jeshi na washirika wake wakaua Wahutu nchi nzima. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Walionusurika walivuka kwenda Tanzania, ambako wengi waliishia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba waliyoyaacha walipewa watu wengine, na sehemu ikaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Mgonjwa aliyetunzwa na kaka na shangazi alipoteza watunzaji, chumba na shamba kwa pamoja.

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, Bujumbura, ilifunguliwa na Mabruda wa Upendo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutoka Rumonge ni safari ya kilomita 70 hivi kwa barabara ya ziwani. Ni mahali pa kutibiwa, lakini anayeruhusiwa kutoka bado anahitaji nyumba ya kurudi.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliwaahidi wakimbizi kurudishiwa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Rumonge ilikuwa na migogoro mingi sana. Kudai kiwanja kulitaka mtu asimame mbele ya wageni, ataje mipaka na majina ya wazee, avumilie kubishiwa. Kwa mwenye usonji, au ambaye kiwewe kimemfunga kinywa, mlango huo ulikuwa mwembamba mno. Wasio na pa kurudi walijengewa vijiji vya amani, kimoja kikiwa Mutambara, komini ya Rumonge. Nyumba zilipata mabati, lakini shamba la kutosha halikupatikana. Kijiji kama hicho huwakusanya karibu karibu watu wasiojuana. Aliyepona kwa sababu ya utulivu na nyuso alizozizoea hawezi kuvipata hapo kwa kukabidhiwa ufunguo.

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014. Kifungu cha 19 kinampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani, na cha 28 kinataja wazi mipango ya nyumba za umma. Sheria ya nchi kuhusu haki za watu wenye ulemavu ilifuata Januari 2018. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda, mwaka 2021 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba za ufuoni. Wenye nyumba hizo walitafuta pa kukaa, na mlango wa kwanza kubishwa, kama zamani, ulikuwa wa jamaa.