Fainali ya Wawili kwa Wawili, Wimbledon 1957

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, katika mji wa London, yalianza mwaka 1877 kwa wanaume wa mmoja kwa mmoja peke yao. Mchezo wa wawili kwa wawili ulifika baadaye, tena kwa hisani ya wengine: tangu 1879 ulikuwa ukishindaniwa Oxford, na mwaka 1884 ukahamishiwa Wimbledon pamoja na kikombe chake. Huenda ndiyo sababu hata leo hutazamwa kama mtoto wa kambo. Jina la bingwa wa mmoja kwa mmoja hukaa vinywani mwa watu. Majina ya mabingwa wawili aghalabu hukaa vitabuni. Naona hukumu hiyo si ya haki, na shahidi wangu ni Jumamosi, tarehe 6 Julai 1957.

Jana yake Lew Hoad wa Australia, kijana wa miaka 22, alikuwa amemshinda Ashley Cooper kwa 6–2, 6–1, 6–2 na kutwaa ubingwa wa mmoja kwa mmoja. Nguvu za mkono wake zilikuwa hadithi ya zama zile. Jumamosi aliingia tena uwanjani pamoja na Neale Fraser, mwenye miaka 23, mpigaji wa mkono wa kushoto. Wapinzani wao walikuwa Wamarekani wawili: Budge Patty, bingwa wa mwaka 1950, aliyekuwa sasa na miaka 33, na Gardnar Mulloy, mwenye miaka 43. Mulloy alikuwa na umri wa kutosha kumzaa Hoad! Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Hoad alipokuwa bado mtoto, yeye alikuwa akiongoza meli ya jeshi la majini. Jozi hiyo haikuwekwa hata katika orodha ya zile zilizotazamiwa kushinda.

Vijana walichukua seti ya kwanza kwa 10–8. Gemu kumi na nane si kazi ndogo kwa mtu wa makamo, na mtazamaji angesamehewa kudhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini Mulloy na Patty walishinda tatu zilizofuata, 6–4, 6–4, 6–4.

Msomaji atauliza, nguvu za Hoad zilikwenda wapi? Uwanja wa wawili una upana wa futi 36, na ule wa mmoja futi 27. Kwa hiyo kila mtu hulinda futi 18 tu. Mbio za miguu hupungua thamani, na kujua mahali pa kusimama huzidi. Juu ya nyasi mpira huteleza chini chini, nao wanaotangulia kufika wavuni kwa pamoja, pasipo kuachiana pengo katikati, ndio wenye mamlaka. Elimu hiyo haipatikani kwa msuli. Mulloy alikwisha kuisoma kwao, alikotwaa ubingwa wa Marekani mara nne pamoja na Bill Talbert.

Mwaka 2023 Wimbledon iliupunguza mchezo wa wanaume wawili kwa wawili kutoka seti tano hadi tatu. Kwa kanuni hiyo Mulloy na Patty wangalimaliza kazi yao mapema zaidi, katika seti ya tatu. Wanaume wa mmoja kwa mmoja waliachiwa seti zao tano.