Ukoo wa Ledóchowski: kutoka upanga wa kiungwana hadi utumishi wa misioni

Ukoo wa Ledóchowski ni miongoni mwa koo za kiungwana za Jamhuri ya kale ya Poland na Lituania. Katika karne ya 16 hadi ya 18 wanaume wake walikuwa wenye mashamba, maofisa wa mfalme na wapiganaji. Baadaye ukoo huohuo ulilipatia Kanisa mtakatifu mmoja, mwenye heri mmoja, kadinali mmoja na Mkuu mmoja wa Shirika la Yesu. Waamini wa Afrika ya Mashariki wana sababu ya pekee ya kuufahamu, kwa kuwa binti wa ukoo huo, Mwenye Heri Maria Teresa Ledóchowska, alitoa maisha yake yote kwa ajili ya misioni za Afrika.

Asili ya ukoo

Jina la ukoo latokana na Leduchów, mahali palipo karibu na mji wa Krzemieniec katika nchi ya Wołyń, ambayo leo ni sehemu ya Ukraini. Nchi hiyo ilikuwa chini ya watawala wa Lituania hadi mwaka 1569. Mwaka huo, wakati Mapatano ya Lublin yalipoziunganisha Poland na Lituania kuwa jamhuri moja yenye mfalme mmoja na bunge moja, Wołyń iliwekwa upande wa Poland.

Waungwana wa jamhuri hiyo walikuwa na haki ambazo wenzao wa nchi nyingi za Ulaya hawakuwa nazo. Mfalme hakurithi kiti chake. Waungwana ndio waliomchagua. Bila kibali cha bunge lao hakuweza kuwatoza kodi mpya. Hata hivyo, uhuru huo haukumfikia mkulima. Wakulima wengi walifungwa kwenye ardhi ya bwana, wakilima shamba lake kwa siku zilizopangwa, wala hawakuruhusiwa kuhama wapendavyo. Yafaa kulikumbuka jambo hili tunapousoma uungwana wa zamani: heshima ya wachache ilibebwa na mabega ya wengi.

Stanisław Ledóchowski

Mwanaume wa ukoo huu aliyejulikana zaidi katika siasa za wakati ule ni Stanisław Ledóchowski, aliyefariki mwaka 1725. Mfalme August II, aliyekuwa pia mtawala wa Saksonia, alikuwa ameingiza askari wake wa Saksonia nchini. Askari hao walijichukulia chakula na mali za wananchi hadi uvumilivu ukaisha. Mwezi Novemba 1715 waungwana walikusanyika Tarnogród, wakaapa kushirikiana dhidi ya askari hao, na wakamchagua Stanisław kuwa kiongozi wao.

Mapigano yalikoma kwa mapatano ya mwaka 1716, yaliyothibitishwa na bunge la Februari 1717. Bunge hilo huitwa Bunge la Kimya, maana wabunge hawakupewa nafasi ya kujadili. Askari wa Saksonia waliondoka, lakini msuluhishi alikuwa mfalme wa Urusi, na tangu hapo mkono wa Urusi ukazidi kuwa mzito juu ya nchi. Katika miaka ya 1772, 1793 na 1795 Urusi, Prusia na Austria ziligawana Poland na Lituania hadi zikafutika katika ramani.

Kupotea kwa nchi kuliugeuza ukoo huu. Wapo walioendelea kushika silaha, kama Jenerali Ignacy Ledóchowski, aliyeongoza ulinzi wa ngome ya Modlin katika vita vya kudai uhuru dhidi ya Urusi mwaka 1831. Wengine waliuweka ushujaa wa ukoo katika utumishi wa Kanisa.

Kadinali aliyefungwa

Mieczysław Ledóchowski (1822–1902) alikuwa Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań, majimbo yaliyokuwa chini ya Prusia. Serikali ya Bismarck ilipotunga sheria za kuliweka Kanisa chini ya amri yake, na ilipoagiza watoto wa Kipoland wafundishwe dini kwa Kijerumani, askofu huyo alikataa. Alikamatwa mwaka 1874 akafungwa Ostrów kwa miaka miwili. Akiwa bado gerezani, mwaka 1875, Papa Pius IX alimteua kuwa kadinali.

Baada ya kufunguliwa alihamia Roma. Kuanzia mwaka 1892 hadi kifo chake alikuwa Mkuu wa Idara ya Uenezaji wa Imani, iliyosimamia misioni zote, zikiwemo za kwetu. Hivyo mtu aliyefungwa gerezani, pamoja na mambo mengine, kwa kutetea haki ya mtoto kufundishwa imani kwa lugha ya mama yake, ndiye aliyekabidhiwa uangalizi wa makanisa machanga ya Afrika.

Mwenye Heri Maria Teresa

Maria Teresa alikuwa mjukuu wa Jenerali Ignacy, na Kadinali Mieczysław alikuwa baba yake mdogo kwa ukoo. Alizaliwa Loosdorf, Austria, tarehe 29 Aprili 1863. Mwaka 1885 ugonjwa wa ndui ulimwua baba yake, naye mwenyewe akaugua akapona. Mwaka huohuo alianza kuhudumu katika ikulu ya mtawala wa Toscana aliyekuwa akiishi Salzburg.

Akiwa huko alisoma maneno ya Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 kwa kibali cha Papa Leo XIII akishtaki biashara ya watumwa. Biashara hiyo haikuwa mbali na sisi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata nyika ya Mgunda Mkali, katika nchi ya Manyoni na Itigi ya leo. Pembe za ndovu na wanadamu walipitishwa humo.

Maria Teresa alianza kwa kalamu. Mwaka 1889 alitoa tamthilia iitwayo Zaida dhidi ya utumwa, na mwaka huohuo akaanzisha gazeti la Mwangwi kutoka Afrika. Kisha akayaacha maisha ya ikulu. Tarehe 29 Aprili 1894, siku aliyotimiza miaka 31, Papa Leo XIII alimbariki kwa kazi aliyoianzisha, ambayo leo ni Shirika la Masista Wamisionari wa Mtakatifu Petro Klaveri. Walikusanya sadaka kwa ajili ya misioni na kwa kuwakomboa watumwa. Katika nyumba yao ya Maria Sorg, karibu na Salzburg, walichapa katekisimu na vitabu vya sala kwa lugha za Kiafrika.

Hakufika Afrika hata siku moja. Alifariki Roma tarehe 6 Julai 1922, na Papa Paulo VI alimtangaza mwenye heri tarehe 19 Oktoba 1975, Dominika ya Kimisionari.

Ndugu zake

Mdogo wake, Mtakatifu Urszula (1865–1939), alianzisha shirika la Masista Waursula wa Moyo wa Yesu Unaoteseka, ambalo limefika pia Tanzania. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2003. Kaka yao mdogo Włodzimierz aliongoza Shirika la Yesu kuanzia mwaka 1915 hadi 1942. Mwingine, Jenerali Ignacy Kazimierz, alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi mwaka 1945.

Tunachojifunza

Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba walioitwa kati yao hawakuwa wengi wenye nasaba kubwa (rej. 1Kor 1:26). Hakusema kwamba hakuna. Ukoo bora ni amana, na amana hudaiwa hesabu. Tabaka lililoishi kwa jasho la wakulima waliofungwa kwenye ardhi lilimtoa mwanamke aliyetaka minyororo ya wengine ikatwe. Neema haizuiliwi na historia ya ukoo, wala haiifichi.

Tukiri pia kwamba machapisho ya misioni ya enzi ile mara nyingi yalimchora Mwafrika kama mtu wa kuhurumiwa tu. Historia yetu yasema zaidi. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alifika Karema mwaka 1889 akawa katekista na tabibu hadi kifo chake mwaka 1956. Na tangu Wamisionari wa Afrika walipofungua Makiungu mwaka 1908, imani katika nchi yetu ya Singida imefikishwa vijijini na makatekista waliotembea kwa miguu. Sadaka ya mbali ilisaidia. Aliyeipanda mbegu alikuwa jirani.

Kwa hiyo, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tunapotoa mchango wa Dominika ya Kimisionari au wa Utoto Mtakatifu, tusidhani ni kidogo mno au ni kazi ya wenye nazo. Sisi tuliopokea katekisimu iliyolipiwa na watu wasiotujua, sasa ni zamu yetu kumlipia katekista tusiyemjua.