Moshi wa asubuhi kwenye injini ya rota: nini cha kuangalia kabla ya kulipa

Mazda RX-8 inaposhushwa kwenye lori mjini Mbale, ikalala usiku mmoja na asubuhi ikawaka kwa wingu la moshi, ugomvi huanza hapo hapo. Mnunuzi anasema injini imekufa, muuzaji wa Jinja anasema gari lilitoka zima, na dereva aliyelibeba anatazamwa na wote wawili. Mara nyingi hakuna kati yao anayejua ule ni moshi wa nini.

Gari hili lilitengenezwa kati ya 2003 na 2012. Halina pistoni. Ndani yake rota mbili za pembe tatu huzunguka, na kila pembe ina sili inayozuia kompresheni isivuje. Pampu ndogo huingiza oili kidogo kwenye chumba cha moto ili kulainisha sili hizo. Kwa maneno mengine, injini hii huchoma oili kwa makusudi, na kupungua kwa oili ambako kwenye Corolla kungemtia fundi wasiwasi, hapa ni kawaida.

Kisa kinachowahusu zaidi wasafirishaji ni injini kulewa petroli. Gari likiwashwa la baridi, likasogezwa mita chache yadini au kupandishwa kwenye lori, kisha likazimwa papo hapo, petroli ambayo haijaungua hubaki ndani na kuosha oili kwenye sili. Siku ya pili stata inazunguka bure. Likiwaka, hutoa moshi mzito wenye harufu kali ya petroli. Dawa yake ni kukanyaga mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata, maana hapo kompyuta ya RX-8 hukata petroli, au kufungua plagi zote nne na kuzikausha. Moshi ukiisha na usirudi, injini si mbovu. Kinga yake ni rahisi zaidi: aliyewasha asizime mpaka injini ipate moto.

Moshi wa bluu ni habari nyingine. Ukitoka kidogo na kukatika, ni oili iliyojichuja usiku. Ukiendelea hata injini ikiwa na moto, ringi za oili ubavuni mwa rota zimechoka, na hapo injini lazima ifunguliwe, kazi ambayo gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari.

Moshi mweupe wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, ndio wa kuogopwa kuliko yote. Sili za maji zimeachia. Kwa Mbale kuna swali la ziada: gari lilikuwa wapi Julai 2022, mto Nabuyonga ulipofurika?

Kinachomaliza ubishi ni kipimo cha kompresheni, kikisomwa kwa kila uso wa rota. Kiwango cha kiwandani ni kilopaskali 830, chini kabisa 680, stata ikizunguka mara 250 kwa dakika. Tahadhari: takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Jinja na Mbale ziko juu ya mita 1,100, hewa ni nyepesi, na kipimo husoma pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane. Asiyelijua hilo atakataa injini nzima, au atapunguziwa bei bila haki.

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, hivyo RX-8 za miaka ya mwanzo huuzwa na walio nazo nchini tu, nyingi zikiwa zimepita mikono kadhaa. Mnunuzi afike alfajiri na aguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, arudi kesho. Msafirishaji naye aandike kwenye hati ya makabidhiano jinsi gari lilivyowaka, rangi ya moshi na muda wake, muuzaji atie saini kabla lori halijaondoka.