Utajieni Wimbo Mwenyewe

Kabla wimbo haujaanza kulia, mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) aliutambulisha. Alitaja jina lake, bendi iliyoupiga, mara nyingi mtunzi, na mtindo wa bendi hiyo. Msondo ni NUTA Jazz, baadaye Juwata. Sikinde ni Mlimani Park. Kamanyola ni Maquis. Saboso ni Western Jazz. Mtoto wa Tabora au Lindi ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa dansi aliijua sauti ya Muhiddin Maalim Gurumo akiitenga na ya Hassani Bitchuka, na akipingwa alibisha hadi machozi. Desturi ile ya kutaja majina imefanya kazi kubwa katika historia ya muziki wetu, na leo inatutoka mikononi.

Kupeana nyimbo kwa majina hakukuanza na redio. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri zile zilisambaa pwani yote na kuingia bara. Gramafoni ilikuwa mali ya wachache, kwa hiyo watu walikusanyika kwa mwenye nayo, au mkahawani, wakasikiliza pamoja. Aliyetaka kuusikia wimbo tena ilibidi auombe kwa jina la mwimbaji. Hivyo ndivyo mwanamke wa shamba, aliyeanza maisha kwa kufinyanga na kuuza vyungu, alivyojulikana na watu ambao hawakuwahi kufika Zanzibar. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na mpaka leo hatuna wasanii wengi waliopata heshima ya namna hiyo.

Kuanzia miaka ya 1930 zikaingia pia santuri za Kuba, zile za mfululizo wa GV. Vijana wa mijini walizipenda kiasi cha kujifunza gitaa kwa kuzifuatisha. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Mji huohuo ukamlea Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, akapiga muziki Osaka katika maonesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano. Wote wawili walikufa kwa ajali za barabarani, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979 huko Mombasa. Ukiwauliza wazee wa Morogoro nani alikuwa zaidi, tenga mchana mzima.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka santuri yake ilikwenda Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia hiyo ikawa ngumu, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa nyimbo nyingi za wakati ule, studio ya RTD, barabara ya Pugu, ndiyo iliyokuwa tegemeo. Bendi iliingia na vyombo vyake, ikapiga kwa pamoja, na utepe ukabaki maktaba ya redio. Malipo yalikuwa haba. Mwanamuziki alikula kwa kiingilio cha mlangoni, na kiingilio kililetwa na nyimbo zilizosikika redioni. Jina lisipotajwa, ukumbi ungejaaje?

Wanamuziki wenyewe walilijua hilo. Sikiliza rekodi za enzi ile zinapofika kwenye chemko, sehemu ya kasi: mwimbaji anampigia kelele mpiga solo, anamwita wa besi, anamtaja wa tumba. Wasikilizaji wengi huiona miito hiyo kama mapambo tu. Mimi naiona kuwa hati. Katika nyimbo ambazo karatasi zake zimepotea, miito ile ndiyo pekee inayotuambia nani alikuwapo studio siku hiyo.

Halafu kulikuwa na kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na sanduku lake la posta, akaorodhesha anaowasalimu, akamalizia na ujumbe. Mwalimu wa kijijini alimsalimu mwenzake waliyesoma naye chuo, ambaye sasa yuko mkoa wa mbali. Wagonjwa waliolazwa hospitalini walikuwa na kipindi chao. Salamu zikishasomwa, wimbo ulifuata, na kwa dakika zile ulikuwa wimbo wa waliotajwa. Kenya nako mambo yalikuwa hayohayo: watuma salamu walifahamiana kwa majina bila kuonana, wakaunda vyama, wakatembeleana na kuzikana. Katika pumzi moja mtangazaji alimtaja mkulima, shangazi yake, mtunzi na bendi. Sijaona namna nyingine ya kumshukuru msanii iliyomweka karibu hivyo na watu wake.

Wimbo ukitembea bila jina, gharama yake tunaifahamu. Fadhili William alirekodi "Malaika" Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba, Harry Belafonte akauimba, na mwaka 1981 Boney M wakaupeleka kwenye disko za Ulaya. Dunia nzima iliupenda wimbo wa Kiswahili, huku nani hasa aliutunga ukiwa ugomvi usiokwisha. Fadhili alidai ni wake, wengine nao wakadai, na Fadhili alifariki mwaka 2001 bila dunia kukubaliana. Maelfu wanaoweza kuuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho hawalijui hata jina lake.

Kaseti zilipoenea, ugawaji ulihamia mikononi mwa watu. Dukani ulichagua nyimbo, ukadurufiwa kanda, na muuzaji akaandika orodha kwenye jalada kwa kalamu. Msanii hakupata senti, ila jina lake lilikuwapo. Mwaka 1999 Tanzania ilitunga sheria mpya ya hakimiliki na COSOTA, chombo cha kuisimamia, ikazaliwa. Kwa waliovuma miaka ya 1970 msaada ule ulichelewa. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alikuwa ameshafariki mwaka 1995.

Sasa tunatumiana nyimbo kwa simu, nyingi na kwa haraka kuliko wakati wowote. Nalifurahia hilo kwa dhati. Wimbo wa Kilwa Jazz unaweza kumfikia mjukuu wa mpiga gitaa wake akiwa Muscat au Minnesota. Lakini faili linafika likiitwa "wimbo 014", au limebandikwa jina la bendi isiyohusika kabisa, na kosa hilo linasambazwa mara elfu. Mashine itasoma chochote tulichoandika, ikarudia kosa letu milele.

Basi ombi langu kwako msomaji ni hili. Ukimtumia mtu wimbo, andika chini yake mtunzi, mwimbaji, bendi na, ukiujua, mwaka. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepiga hata tumba tu, mkalishe umchezee rekodi za bendi yake, umuulize nani anapiga nini, na uandike anachosema. Fanya hivyo mwezi huu, maana wanaokumbuka wanapungua.