Mwamba wa Rungwe Nao Unasimulia

Wanyakyusa wamerithishana habari za mlima Kyejo, katika eneo la volkano la Rungwe kusini-magharibi mwa Tanzania, kumwaga lava yapata mwaka 1800, na wanajiolojia hutegemea masimulizi hayo hadi leo kuukadiria mwaka wa mlipuko huo. Nasema mwamba wenyewe nao ni msimulizi, na lugha yake ni mwendo wa mtetemo unaopita ndani yake. Wimbi la tetemeko hukimbia pale punje za madini ziliposhikana, na hupungua kasi likikuta nyufa, hata zilizo nyembamba kuliko unywele. Lava ikipoa husinyaa na kupasuka. Ardhi ikivutwa hupasuka tena. Mwaka 1960 Francis Birch wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha vipimo vya mawe aliyoyabana kwa shinikizo la hadi kilobari 10: kasi ilipanda upesi mwanzoni, nyufa zilipokuwa zikijifunga, kisha ikapanda kidogo kidogo. Jiwe ni lile lile; kilichobadilika ni majeraha yake.

Chini ya lava za Rungwe upo mwamba wa kale zaidi, wa Ubende, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Madini yake yamejipanga kwa matabaka, na kama shoka linavyopasua gogo kwa wepesi likifuata nyuzi za mti, ndivyo wimbi linavyokwenda haraka likifuata matabaka kuliko likiyakata. Mpangilio huo umelala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na bonde la Rukwa limelala vivyo hivyo. Bonde la ufa lilipofunguka, lilipita kwenye mshono uliokuwapo.

Mtu atapinga kwamba kasi ndogo chini ya Rungwe inatokana na joto, si nyufa. Kwa kina kirefu ana haki. Vipima-tetemeko vilivyotegwa kuizunguka Rungwe na kaskazini mwa Ziwa Nyasa kati ya 2013 na 2015 vilionyesha mawimbi yakizubaa hadi makumi ya kilomita chini, ambako uzito wa ardhi umekwisha kuzibana nyufa. Karibu na uso hoja hiyo haitoshi. Huko nyufa hubaki wazi, na maji yakizijaza, wimbi la mgandamizo hurudishiwa sehemu ya kasi yake ilhali wimbi la mkato hubaki taratibu. Kuyalinganisha hayo mawili hutenga ufa mkavu na ufa wenye maji. Na mshono ule wa kale haujatulia: tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, wanajiolojia hulihusisha na ufa wa Kanda, uliolala kwenye mwelekeo uo huo.